Noti za marehemu: zipelekwe benki au zitunzwe?

Kopo lenyewe lilikuwa la biskuti, la bati, limechubuka rangi na kufungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Kwa miaka zaidi ya 40 lilikaa chini ya kitanda katika nyumba moja ya Dakawa, wilayani Mvomero, mkoani Morogoro. Katika miaka yote hiyo mama mwenye nyumba hakuwahi kulifungua. Hakuna aliyemkataza. Alilichukia tu.

Mumewe alifariki Novemba 2024. Baada ya arobaini kupita, watoto watatu na mjomba wao walikaa barazani kuzungumzia mambo yaliyobaki: majaruba mawili ya mpunga, baiskeli, madeni madogo ya dukani, na kopo. Kwa Waluguru mjomba huwa na neno zito katika shauri la familia, na mjomba huyu ndiye aliyeanza.

"Hili kopo lifunguliwe leo. Redio imetangaza noti za zamani mwisho wake Aprili. Tukichelewa, fedha ya marehemu itageuka karatasi."

Alikuwa na hoja. Benki Kuu ya Tanzania ilikuwa imetangaza kwamba noti za shilingi 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003, pamoja na noti ya 500 ya mwaka 2010, zinaondolewa kwenye mzunguko. Wananchi walipewa muda wa kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025 kuzibadilisha katika matawi ya Benki Kuu na katika benki za biashara. Baada ya tarehe hiyo, noti hizo hazitakuwa fedha halali tena.

Mama alisema maneno machache. "Fungueni. Mkimaliza, zipelekeni zote. Mimi sitaki karatasi ndani ya nyumba yangu."

Watoto walijua maneno hayo yalikotoka. Hakuna aliyejibu.

Ndani ya kopo kulikuwa na sehemu mbili. Chini kabisa palikuwa na bunda la noti za Kitanzania lililofungwa kwa uzi: noti 18 za shilingi 10,000 zenye tembo, 11 za 5,000 zenye kifaru, tisa za 2,000 zenye simba, 14 za 1,000 zenye sura ya Mwalimu Nyerere na 20 za 500 zenye nyati. Zote ni za toleo la 2003. Kijana wa mwisho alizihesabu mara mbili. Shilingi 277,000.

Juu ya bunda hilo kulikuwa na daftari la kaunta. Marehemu alikuwa amekata vijichane katika kurasa zake na kupachika noti mojamoja, kila moja kwa pembe zake nne, kama picha za harusi zinavyopachikwa kwenye albamu. Chini ya kila noti aliandika kwa kalamu ya wino wa buluu: jina la noti, mwaka, aliyempa na mahali.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na noti za iliyokuwa Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, chombo kilichoanzishwa na Waingereza mwaka 1919 na ambacho fedha yake ilitumika Tanganyika, Kenya, Uganda na baadaye Zanzibar. Kulikuwa na noti yenye sura ya Mfalme George wa Sita, nyingine ya Malkia Elizabeth, na nyingine isiyo na mfalme wala malkia, yenye picha ya jahazi ziwani, iliyotolewa mwaka 1964 nchi zilipokuwa zimekwisha kupata uhuru. Ukurasa uliofuata ulikuwa na fedha za kwanza za Tanzania za mwaka 1966, mwaka ambao Benki Kuu ilifungua milango: shilingi 5, 10 na 20 zenye sura ya Mwalimu akiwa bado kijana. Ya 100 haikuwepo. Pembeni marehemu aliandika: "Bado natafuta."

Halafu zilikuja noti za Mzee Mwinyi, noti za twiga za miaka ya 90, na kurasa mbili za fedha za kigeni.

Kurasa hizo mbili zilikuwa historia ya Dakawa yenyewe. Mwaka 1982 serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa chama cha ANC cha Afrika Kusini ardhi hapo Dakawa, baada ya kuwapa Mazimbu miaka michache kabla, mahali ilipojengwa shule ya Solomon Mahlangu. Wakimbizi wa Afrika Kusini waliishi na kujenga Dakawa wakisaidiwa na wafadhili wa nchi za Kaskazini mwa Ulaya, hadi mwaka 1992 makazi hayo yalipokabidhiwa kwa serikali ya Tanzania na wenyewe wakarudi kwao. Marehemu alikuwa seremala kijana. Alitengeneza milango na madawati katika kambi ile, na kila aliyemzoea alijua la kumpa akiondoka. Wengine waliacha mashati na redio. Yeye aliomba noti moja ya kwao, hata ile ndogo kuliko zote. Kwa njia hiyo alipata randi, krona za Norway na Sweden, na dola mbili za Kimarekani ambazo ndizo zilizoleta kelele pale barazani.

Ya kwanza ilikuwa noti ya dola 2 ya mwaka 1976, yenye sura ya Thomas Jefferson mbele na nyuma picha ya wazee wa Marekani wakiwasilisha azimio la uhuru wao. Ya pili ilikuwa dola 1 ya mwaka 1957, lakini muhuri wake na namba zake zilikuwa za rangi ya buluu badala ya kijani.

Kijana wa mwisho aliitoa simu. Dakika kumi hazikupita akaanza kutetemeka sauti. "Mama! Mjomba! Kuna noti ya Marekani imeuzwa zaidi ya dola milioni 3!"

Alichosoma kilikuwa kweli. Noti ya dola 1,000 ya mwaka 1890, ambayo wakusanyaji wameipachika jina la Tikitimaji kwa sababu sufuri zake kubwa za kijani zinafanana na tikiti, iliuzwa mnadani mwaka 2014 kwa bei hiyo. Noti hizo zimebaki chache mno duniani. Kilichopotea njiani ni kwamba noti ya Tikitimaji haikuwa ndani ya kopo la Dakawa.

Lakini nani angemsikiliza mtu wa kumwambia hivyo usiku ule? Kwa wiki mbili nyumba ile haikulala. Kijana aliweka picha za zile dola kwenye makundi ya simu. Mtu mmoja aliyejitambulisha kuwa wakala wa Dar es Salaam akampigia, akasema dola yenye muhuri wa buluu ina thamani ya shilingi milioni 40, mnunuzi yupo, ila itumwe kwanza shilingi 150,000 ya uhakiki. Kaka mkubwa alitaka zitumwe. Mjomba alitaka akatafute mkopo kwenye kikoba. Binti wa katikati, ambaye ni muuguzi, alikataa na kununiwa na wote wawili.

Mama aliwatazama akasema, "Baba yenu alipokuwa hai karatasi hizi zilitugombanisha sisi wawili. Sasa amekufa, zinawagombanisha ninyi."

Ugomvi aliousema ulikuwa wa mwaka 1998. Mvua za El Nino zilikuwa zimeharibu mpunga, ndani hakukuwa na akiba, na binti yao akiwa na miaka tisa alishikwa na maumivu ya tumbo usiku. Hospitali ya mjini ikasema ni kidole tumbo, apasuliwe. Fedha ilihitajika, na haikuwepo. Mama alipolitaja kopo, mumewe alinyamaza. Hapo ndipo mama alipotamka maneno ambayo majirani waliyasikia: "Wewe unapenda makaratasi kuliko mtoto!"

Mume alitoka bila kujibu. Kesho yake jioni alifika hospitali na fedha yote. Alisema amekopeshwa na rafiki wa zamani wa kambini. Mtoto alipasuliwa, akapona. Wakati wa mavuno mama alitenga gunia la mpunga kwa ajili ya kulipa lile deni, lakini mume akamwambia lisiuzwe, rafiki amesamehe. Mama hakuwahi kumjua rafiki huyo. Alichobaki nacho moyoni kwa miaka 26 ni kwamba siku mtoto alipokuwa hatarini, mumewe alikwenda kukopa ili kopo lisiguswe.

Ilikuwa Ramadhani, wiki ya mwisho ya Machi, binti alipomchukua mama yake, daftari na lile bunda, wakapanda gari asubuhi kwenda Morogoro mjini. Mjomba alikuwa ameagiza vitu vyote vibadilishwe, hata vya daftarini. Mama alikuwa amekubali. Binti aliomba jambo moja tu: kabla ya benki, wapite kwa mwalimu mmoja mstaafu wa historia ambaye marehemu alizoea kumtembelea, kwa kuwa naye hukusanya fedha za zamani.

Mwalimu aliwapokea, akawapa pole, akanawa mikono na kuikausha kabla ya kuligusa daftari. Alianza na zile dola, kwa sababu binti aliuliza.

"Hizi ni nzuri," alisema, "lakini si utajiri. Hii ya buluu zamani iliitwa hati ya fedha, fedha ile ya madini. Mwenye nayo alikuwa na haki ya kwenda kudai madini ya fedha serikalini. Haki hiyo ilikoma Juni 1968. Watu wakiona muhuri wa buluu hudhani wameokota dhahabu, ila za mwaka 1957 zilichapishwa kwa mabilioni, na watu wengi waliziweka. Kitu cha zamani si lazima kiwe adimu. Uadimu ni zimebaki ngapi, na ziko katika hali gani."

Akawaonyesha kwa kidole. Noti isiyokunjwa hata mara moja ina bei yake, na noti hiyohiyo ikiwa na mkunjo katikati bei hushuka sana. Noti iliyofuliwa, iliyopigwa pasi au kubandikwa gundi ya karatasi huharibika kwa mkusanyaji, hata kama machoni inaonekana safi. Namba nazo huangaliwa: katika noti za Marekani, namba yenye alama ya nyota huonyesha kwamba noti hiyo ilichapishwa kuziba nafasi ya nyingine iliyoharibika kiwandani, na baadhi ya hizo hutafutwa sana. Hizi mbili hazikuwa na nyota.

"Na huyo wa uhakiki?" aliuliza binti.

"Mnunuzi wa kweli hutoa fedha, haombi. Ni ndugu wa wale wanaowachimbisha watu mashimo kutafuta mali za Mjerumani, au wanaonunua rupia eti ina nguvu za ajabu. Anachouza ni tamaa yako mwenyewe."

Aliongeza jambo ambalo mama alilisikiliza kwa makini. Marekani haijawahi kufuta noti zake tangu ilipoanza kuzitoa mwaka 1861. Dola ya mwaka 1957 bado ni dola 1 kwao, na ya 1976 bado ni dola 2, hata kama maduka ya kubadilishia fedha huku kwetu huzikunjia uso noti za zamani. Noti za Tanzania zilizokuwa kwenye bunda, kwa upande wake, zilikuwa na siku chache tu.

"Kwa hiyo, shemeji," alisema Mwalimu, "bunda lipeleke leo. Marehemu mwenyewe angekwambia hivyo. Hizo zilikuwa akiba, si mkusanyo. Lakini za daftarini ukizipeleka utapata kama elfu sitini hivi, na utakuwa umevunja kitu ambacho hakiwezi kuunganishwa tena. Uamuzi ni wako."

Mama alijibu kwamba uamuzi alishaufanya. Binti akaanza kuzichomoa, ukurasa mmoja baada ya mwingine. Ndipo walipofika mwisho wa daftari, kwenye ukurasa ambao pale barazani hakuna aliyeufungua, kwa kuwa kurasa kadhaa zilizoutangulia zilikuwa tupu.

Ukurasa huo ulikuwa na vijichane vinne vya kushikia pembe, na katikati hakukuwa na noti. Karatasi ilikuwa imefifia pande zote, isipokuwa umbo la mstatili lililobaki jeupe, mahali kitu kilipokaa muda mrefu. Chini yake maandishi ya wino wa buluu yalisema:

"Rupia 5, Benki ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, 1905. Ya babu." Na mstari wa pili, kwa wino mwingine: "Imeuzwa kwa Mzungu, Morogoro, 14/4/1998. Kidole tumbo."

Binti alisoma kwa sauti hadi neno la mwisho, kisha akanyamaza. Mkono wake ulikwenda wenyewe upande wa kulia wa tumbo.

Mwalimu alivua miwani. "Ile noti niliijua," alisema. "Ilikuwa na picha ya simba. Babu yake alibebeshwa mizigo wakati wa vita ya Mjerumani. Waingereza walipovuka Mto Wami hapo Dakawa, Agosti 1916, Wajerumani wakarudi nyuma, na mzee akabaki na hiyo noti ambayo baada ya vita haikununua kitu. Katika daftari zima ndiyo iliyokuwa na bei. Nilimuuliza mara nyingi iko wapi. Akaniambia imekwenda kufanya kazi ya fedha."

Mama alikaa kimya muda mrefu. Nje daladala zilipiga honi, na muuza maji alipita akiita. Hatimaye aliomba apewe daftari. Hakujua kusoma vizuri, lakini aliweka kidole juu ya ile tarehe na kukipitisha taratibu, namba kwa namba.

"Rafiki wa kambini," alisema. "Kumbe huyu ndiye rafiki."

Kisha akauliza swali ambalo halikuwa na wa kulijibu: "Kwa nini asiniambie?"

Huenda marehemu alikuwa na jibu lake. Labda aliona haya. Labda yale maneno ya hospitali yalimuuma kiasi kwamba hakutaka kuyashinda kwa ushahidi. Wanaume wengi wa rika lake walilelewa hivyo, kwamba kujieleza kwa mke ni kujishusha. Lakini ukimya ule haukumgharimu yeye peke yake. Mke aliishi miaka 26 akiwa na donge ambalo sentensi moja ingeliyeyusha, na mume aliishi miaka hiyohiyo akitazamwa kama mtu aliyependa karatasi kuliko damu yake. Walikula sahani moja, wakalima majaruba mamoja, wakazika wazazi wa pande zote mbili pamoja, na kati yao lilikaa kopo la biskuti.

Benki walifika saa sita mchana. Foleni ilikuwa ndefu, kila mtu na kifurushi chake: mzee mwenye noti zilizoliwa na mchwa, mama aliyevunja kibubu, kijana aliyezikuta kwenye koti la marehemu kaka yake. Bunda lilihesabiwa, mama akapewa shilingi 277,000 katika noti mpya. Zilikwenda kwenye mbolea ya kukuzia mpunga na deni la maji ya skimu, na zilizobaki zikanunua vitambaa vya Idi kwa wajukuu. Mhudumu wa benki aliliona daftari kwenye mkoba akauliza kama na hizo zinabadilishwa.

"Hapana," alijibu mama. "Hizo ni za baba yao."

Jioni, baada ya futari, mjomba alipiga hesabu na kukuta haifiki alivyotarajia. Alikasirika. Mama alimwomba binti asome ukurasa wa mwisho mbele ya wote. Mjomba alisikiliza, akauliza tarehe irudiwe, kisha akasema, "Basi," na hakulizungumzia tena. Kijana wa mwisho alifuta namba ya yule wakala bila kuambiwa. Kaka mkubwa ndiye aliyechukua muda zaidi. Wiki nzima baadaye alirudi kutoka mjini na bahasha safi za plastiki alizoelekezwa na Mwalimu, za kutunzia noti zisishike unyevu wa masika.

Aprili 5 ilipita. Noti za daftarini ambazo jana yake zilikuwa fedha, zikaamka zikiwa kumbukumbu. Daftari sasa halikai chini ya kitanda. Lipo juu ya kabati, kavu, limefungwa kwa kitambaa, na wajukuu huruhusiwa kulifungua wakiwa wamenawa mikono. Huuliza maswali mengi kuhusu simba, kifaru na wale wazungu wa dola mbili. Wakifika ukurasa wa mwisho huuliza kwa nini hauna kitu, na bibi yao huwaambia wamwite shangazi yao, awaonyeshe kovu.

Katika nyumba nyingi kuna kopo la namna hiyo. La mwingine ni la noti, la mwingine ni la barua, stempu au hati ya kiwanja ambayo mwenzake haijui. Mwenye nalo angali hai, siku moja alitoe, akae na mwenzake, amwambie kila kitu kilitoka wapi na kwa nini alikiweka. Na kama kuna kilichoondoka, aseme kilikwenda wapi. Mama wa Dakawa amesamehe, na anasema hivyo wazi. Ila kila anapolipangusa daftari vumbi, husema pia kwamba angependa kuyasikia yale maneno kwa mdomo wa mwenyewe, wakati bado angeweza kumjibu, "Pole, baba watoto. Sikujua."